Matayarisho ya Uzazi: Shauri la Nyumbani Kabla ya Usiku wa Uchungu

Mwari wetu akiposwa, nyumba nzima hushughulika. Hutafutwa somo wa kumfunda, hupigwa hesabu ya kitanda na nguo na vyombo, hupelekwa khabari kwa jamaa walioko mbali, wala hapana aulizaye kwa nini pahitajiwe miezi mizima kwa jambo la siku moja. Lakini mwari huyo huyo akishika mimba, matayarisho yote hugeuka kuwa nguo za mtoto na jina lake. Ama siku yenyewe ya kuzaa, atazaa wapi, mbele ya nani, atachukuliwa kwa gari la nani, na ni nani atakayesema neno la mwisho likitokea la kutokea, wengi wetu hungoja mpaka uchungu uanze ndipo tuulizane. Na uchungu aghlabu huanza usiku.

Katika makala haya twataka kuzungumza na nyumba za Kiislamu, wake kwa waume, na khasa vijana waliooana karibuni, juu ya uzazi wa kawaida. Yaani mwanamke kuzaa kwa nguvu alizoumbiwa, bila ya kisu na bila ya dawa zisizo na haja. Na pamoja na hayo twataka kusema juu ya haki yake ya kuelezwa na kuulizwa katika kila litendwalo juu ya mwili wake. Mambo haya mawili hayatengani, kwani asiyejua lolote hawezi kuchagua lolote.

Tumewasikia watu wa namna mbili. Wa kwanza husema: bibi zetu walizaa nyumbani, wakazaa kumi, basi hospitali ya nini? Hawa huwahesabu mabibi waliozaa kumi wakaishi, na huwasahau waliofariki na mimba ya pili, kwa kuwa hao hawakubaki wakawa bibi wa mtu. Wa pili husema: kuzaa ni maradhi, mwachie daktari afanye atakavyo, na miongoni mwao wako wenye mali waombao kupasuliwa bila ya sababu, kwa kuwa wameambiwa ndio ustaarabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2015 kuwa operesheni ya uzazi huokoa maisha panapokuwa na haja, lakini ikizidi wazazi 10 katika kila 100 wa nchi, hapajaonekana kuwa vifo vya mama na watoto hupungua zaidi kwa sababu hiyo. Basi makundi yote mawili twaona yamekosea njia, na mtu wa kutuelekeza yuko karibu nasi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mlinzi wa uzazi wa kawaida si daktari wa upasuaji. Ni mkunga aliyesomea kazi yake, ajuaye kungoja, na ajuaye pia ni wakati gani kungoja kumekuwa hatari.

Natutazame kwanza mwili ufanyavyo kazi. Tumbo la uzazi ni msuli wenye nguvu nyingi. Kila uchungu ujapo, msuli huo hujikaza na kuuvuta mlango wake, mpaka ufunguke kadiri ya sentimita 10 na mtoto apate kupita. Kinachouamrisha ni homoni iitwayo oksitosini, itokayo katika ubongo wa mama mwenyewe. Homoni hii ni kama mgeni mwenye haya. Hupenda utulivu, mwanga mdogo na watu iliowazoea. Mwanamke akifokewa, akitishwa, akilazwa uchi mbele ya wasiomhusu, mwili wake hutoa adrenalini, nayo ni homoni ya khofu, na uchungu uliokuwa ukienda vizuri huweza kulegea. Wakunga wa zamani waliotia pazia mlangoni na kuwafukuza watoto uani hawakujua jina la homoni hata moja, lakini walijua kazi yao.

Tabibu mmoja Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliandika kitabu juu ya uzazi wa kawaida mwaka 1933, na kingine mwaka 1942 kilichokuja kujulikana kwa jina la Childbirth Without Fear. Hoja yake ilikuwa nyepesi: khofu hukaza mwili, mwili uliokazana huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha khofu. Mna kweli nyingi ndani yake. Lakini bwana huyu alidhani pia kuwa wanawake wa mataifa aliyoyaona kuwa hayajastaarabika huzaa bila ya taabu, na hapa twamkatalia; mama yeyote wa pwani atamcheka. Kisha mwaka 1951 tabibu Mfaransa, Fernand Lamaze, alikwenda Urusi ya Kisovieti, akaona wajawazito wafundishwavyo kabla ya siku zao, akarudi Paris na mafunzo ya kupumua na kujilegeza ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake.

Mafunzo hayo hayahitaji Paris wala fedha. Mke alale ubavu au akae mahali pa kuegemea, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe kwa mdomo kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, huku akilegeza taya, mabega na viganja. Akifanya hivi dakika 10 kila usiku tangu mwezi wa saba, mwili utazoea, na siku ya uchungu hatakuwa akijifunza jambo jipya. Wako wafanyao hivi pamoja na dhikri, pumzi moja kwa tamko moja, nasi twaona ni vizuri sana. Mume naye akae karibu ajifunze, maana yeye ndiye atakayemkumbusha. Tena mke atembee kila siku, asikalishwe kitako kama yai, ila ikiwa daktari amemkataza kwa sababu anayoijua.

Jambo la pili la kujua ni muda. Mimba ya kwanza haina haraka. Zamani wahudumu walifundishwa kuwa mlango wa uzazi sharti ufunguke sentimita moja kila saa, na mwanamke aliyepungukiwa na kipimo hicho akaitwa mvivu, akatiwa dripu ya kuongeza uchungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa kipimo hicho hakiwafai wanawake wote. Kwamba uchungu wenyewe huhesabiwa tangu sentimita 5, na kuanzia hapo huweza kuchukua hata saa 12 kwa mzaliwa wa kwanza, na kwa kawaida hauzidi saa 10 kwa wanaofuata. Maadamu mama na mtoto ni wazima na wanapimwa barabara, kungoja ni matibabu pia.

Na kungoja huko si lazima kuwe chali kitandani. Katika vitabu vya Ulaya, desturi ya kumlaza mzazi yanasibishwa sana na tabibu Mfaransa François Mauriceau, aliyetoa kitabu chake mwaka 1668. Ilimfaa zaidi mzalishaji kuliko mzazi. Sisi tusomao Sura ya Maryam twajua kuwa bibi yule mtukufu, uchungu ulipomshika, aliliendea shina la mtende. Hakulazwa. Uchunguzi uliokusanya majaribio mengi ya matabibu, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta kuwa wanawake wanaosimama, kutembea au kukaa wima wakati mlango unapofunguka hupunguza muda wa uchungu kwa kiasi cha saa moja na dakika 22. Atakayeudharau muda huo hajapata kuuhesabu akiwa ndani yake. Basi mama atembee ukumbini, apige magoti, aegemee ukuta, alale ubavu akichoka. Na amwulize mkunga mapema, siku za kliniki, kama hospitali ile yaruhusu.

Kwa kuwa tumeutaja mtende, twaongeza khabari moja ya kuwafurahisha wasomaji wetu. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jordan, wanawake 69 walikula tende sita kila siku kwa muda wa wiki nne kabla ya siku zao za kuzaa, wakalinganishwa na wengine 45 wasiokula. Waliokula walifika hospitali hali mlango wa uzazi umefunguka zaidi, na wachache wao walihitaji kuanzishiwa uchungu kwa dawa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Uchunguzi wenyewe ulikuwa mdogo, basi pasiwe na mtu wa kupiga mbiu kuwa tende ni badala ya mkunga. Na mja mzito mwenye kisukari aulize kwanza. Lakini ni chakula chema, na katika nyumba zetu hakina ugeni.

Jambo la tatu ni msindikizaji. Wanawake wengi wamelalamika kuwa waliachwa peke yao katika chumba cha kuzalia, mlango umefungwa, mama mzazi analia nje kwenye benchi. Si lazima iwe hivyo. Majaribio 26 yaliyokusanywa pamoja mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kuwa mzazi aliye na mtu wa kumshika mkono tangu mwanzo hata mwisho huwa na bahati kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi. Mkoani Kigoma, nchini Tanzania, taasisi ya Thamini Uhai ilijaribu jambo hili katika vituo vya serikali kati ya mwaka 2016 na 2018, na wasindikizaji wakaingia. Hapa ndipo pahala pa nyanya, somo, dada aliyekwisha kuzaa, na hata mkunga wa mtaani. Kumkanda mgongo, kumpa maji na chai na uji, kumfuta jasho, kumsomea. Kazi hii haifanyiki na daktari wala na mashine.

Ila nyanya asitukasirikie kwa neno hili moja. Dawa za mizizi za kuharakisha uchungu tuziache. Hatusemi kuwa hazina nguvu. Twazikataa kwa sababu zina nguvu isiyo na kipimo. Dripu ya hospitali hufungwa ikizidi, lakini kikombe kilichokwisha kunywewa hakitapikwi. Tumbo likijikaza bila ya kupumzika, mtoto hukosa hewa, na pengine tumbo la uzazi hupasuka, khasa kwa mwanamke aliyepata kupasuliwa kabla. Na kumsukuma mtoto kwa kulikandamiza tumbo ni vivyo hivyo.

Sasa twafika kwenye kuuliza. Katika malezi yetu, kumwuliza daktari huonekana kama utovu wa adabu. Sivyo. Adabu ni namna ya kuuliza, wala si kunyamaza. Mama akiambiwa kuwa atatiwa dripu ya uchungu, au ataongezewa njia, au atapasuliwa, yeye au msindikizaji wake na aseme kwa upole: Bibi mkunga, ni kwa sababu gani? Pana madhara gani? Je, iko njia nyingine? Na tukingoja saa moja, patakuwaje? Mkunga mwema hafurahii kitu kuliko mzazi aulizaye hivi, kwani atakayefahamu ndiye atakayesaidia. Kuongezewa njia, mathalan, wako waliofanyiwa kwa desturi tu kwa kuwa ni mimba ya kwanza. Shirika la Afya Duniani halikubali liwe jambo la kila mzazi. Kinyume chake, sindano ya oksitosini ipigwayo mara baada ya mtoto kutoka, ili kuzuia damu, twamsihi kila mama aikubali. Haipunguzi chochote katika uzazi wa kawaida, na imewabakishia watoto wengi mama zao. Kadhalika aombe kitovu kisikatwe kwa haraka, kingojewe dakika moja au zaidi ikiwa mtoto ni mzima, na awekewe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye katika saa ya kwanza.

Maswali haya yana wakati wake. Damu ikimwagika hapana mjadala. Aulizwe mtu kwa neno moja, na mkono ufanye kazi.

Na hili la wakati ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kuwa mwanamke afaye kwa uzazi aghlabu huchelewa mara tatu: huchelewa nyumbani kwa kukata shauri, huchelewa njiani, na huchelewa kuhudumiwa akisha kufika. La pili na la tatu ni la serikali kwa sehemu kubwa. La kwanza ni letu.

Twajua jinsi lilivyo. Kichwa chamwuma mja mzito tangu jana, macho yaona ukungu, uso na mikono imevimba. Mavyaa asema ni uchovu. Usiku anaanguka na kutetemeka, macho yamegeuka, povu linamtoka. Na nyumba nzima husema: amepandwa na pepo. Aitwa mtu wa kupunga, huku saa zinakwenda. Ndugu zetu, hali hiyo ni kifafa cha mimba, na chanzo chake ni mimba yenyewe ikiambatana na shinikizo la damu lililopanda. Dawa yake yajulikana. Sindano ya magnesiamu salfeti ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na majibu yakatolewa mwaka 2002. Ilipunguza kifafa kwa zaidi ya nusu kwa wale walioanza kuonyesha dalili. Hatumkatazi mtu kusoma Kurani juu ya mgonjwa wake. Lakini dua husomwa hata garini, na gari liwe limekwisha kuondoka.

Vivyo hivyo mja mzito atokwaye damu, au maji yakatoka na uchungu usije, au mtoto akapunguza kucheza, au akashikwa na homa kali; hapana kungoja asubuhi. Na wako ambao tangu mwanzo haifai wafikiri kuzaa nyumbani, nao ni aliyepata kupasuliwa, mwenye mapacha, ambaye mtoto wake amekaa kimshazari au ametanguliza matako, mwenye shinikizo la damu, na mwenye upungufu mkubwa wa damu. Hayo hujulikana kliniki, na kwa hiyo twahimiza aanze kwenda kabla ya wiki 12, na ahudhurie mara nane kama ilivyoshauriwa tangu 2016, na vidonge vya kuongeza damu avimeze, asivitie mtoni.

Tunayosema si nadharia. Nchini Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa mama 556 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika muda huo huo wazazi waliozalia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka 63 katika 100 hata 81. Sababu ni nyingi, ila mtu asituambie kuwa hili halina maana. Na bado ilmu yasogea. Mwaka 2023 yalitolewa majibu ya jaribio lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini. Mkunga humtandikia mzazi kitambaa cha plastiki chenye mfuko wa kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho. Na damu ikizidi, matibabu yote hutolewa kwa mara moja. Damu nyingi za hatari zilipungua kwa 60 katika 100. Kwa kitambaa cha plastiki!

Liko jambo la idhini. Husemwa kuwa mke hawezi kuondoka mpaka mume arejee safarini, au mpaka mjomba akubali. Haramu hii haikutoka katika sheria. Wanazuoni wetu wamekubaliana kuwa kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria, na kuwa dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Tukijua hayo, kwa nini tungoje dharura? Mume atoe idhini yake mapema, kwa ulimi wake, mbele ya mkewe na mama zao wawili: uchungu ukianza, au likitokea lolote, mchukueni, na akiambiwa apasuliwe ili aokoke, mwenyewe atakubali wala nisisubiriwe. Mabaharia, madereva wa magari ya masafa, na wafanyao kazi Ghuba, hili lawahusu ninyi kuliko wengine wote.

Na la haya na stara pia lina jawabu. Mzazi ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, na ya kufunikwa ila pale panapotazamwa, na pazia livutwe. Aombe siku za kliniki, na achukue kanga zake mbili za kujifunika. Akikosekana tabibu mwanamke, basi tabibu mwanamume anajuzu kwa kadiri ya haja. Hili limo katika vitabu vya fiqhi tangu zamani, na si fatwa ya juzi. Kumzuia mwanamke daktari kwa kisingizio cha stara hata akafa si uchaji.

Zilizobaki ni hesabu za nyumbani. Fedha za gari na za hospitali ziwekwe kidogo kidogo tangu mwezi wa tatu, mahali ambapo mke mwenyewe anaweza kuzifikia. Itafutwe gari moja, na la pili la akiba, na dereva aulizwe kama hulala na simu iliyowashwa. Wajulikane jamaa wawili watatu wenye afya walio tayari kutoa damu, na kundi la damu la mama liandikwe kwenye kadi yake. Mfuko ufungwe wiki ya 36: kanga, wembe mpya ikiwa kituo kinahitaji, pamba, nguo za mtoto, kadi ya kliniki, tende na chupa ya maji. Mkunga na kituo cha karibu, na hospitali kubwa ya upasuaji iliyo nyuma yake, viandikwe katika karatasi pamoja na nambari za simu. Na karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na mlango, kwa herufi kubwa ambazo hata nyanya ataweza kuzisoma usiku, bila ya miwani yake.